Namba Isiyojieleza Hufa na Mwenyewe

Senge wangu analima ekari tatu za mahindi nje ya Kitale. Mwaka juzi aliyakatia bima, ile ya kisasa ambayo hakuna mtu anakuja shambani kuhesabu magunia. Setelaiti inaangalia mvua kutoka juu, mvua ikikosa unalipwa. Mvua ikakosa. Mahindi yakakauka yakiwa ya kufika kiunoni. Senge akangoja pesa, ikaja barua. Ndani mlikuwa na sentensi mbili: kiwango cha eneo lako ni 0.43, na kiwango hicho hakijafikia kizingiti cha malipo. Sahihi, muhuri, basi.

Akaniletea mimi. "Papa, soma hii. Wewe si ulisomea hizi vitu?"

Sikusomea hizi vitu. Mnaonifuata mnajua: niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipogoma, nikarudi Kitale, na sai napiga video za harusi na matanga, usiku najifunza kompyuta kwa video za bure. Lakini kwetu ukiwa na laptopu, wewe ni injinia. Nikaisoma barua mara nne. 0.43 ya nini? Milimita? Inchi? Sehemu ya mvua ya kawaida? Ya mahali gani, kuanzia tarehe gani mpaka tarehe gani? Hakuna.

Leo nawapa historia ambayo hakuna mtu alinifundisha darasani: jinsi wanasayansi walivyojifunza kuweka namba nyingi kwenye faili bila kupoteza maana yake. Najua inasikika kama dawa ya usingizi. Ngoja kidogo. Ile barua ilikuwa na kosa ambalo watu walishalitatua kabla mimi sijazaliwa, na kosa hilohilo liko kwenye sanduku la mabati nyumbani kwetu.

Daftari la Kuka

Kuka wangu, babake Senge, alikuwa karani kwenye shamba moja kubwa hapa Trans Nzoia. Kila siku saa tatu asubuhi alimimina maji ya kipima mvua kwenye glasi yenye mistari, akasoma, akaandika kwenye fomu ya ofisi. Jioni alinakili namba ileile kwenye daftari lake mwenyewe. Alipoacha kazi akahamia kwake Bungoma, akabeba kipima mvua pamoja na hiyo tabia. Aliandika mpaka macho yakakataa.

Daftari tunalo. Jalada la kijani, kurasa zimegeuka rangi ya chai, panya wameonja kona moja. Kila mstari una tarehe na namba. Aprili 12: 112. Aprili 13: 0. Aprili 14: 40.

Sasa niambie, 112 ni nini? Kama ni milimita, siku hiyo ilikuwa gharika. Kama ni inchi 1.12 na nukta haikuandikwa, ni milimita 28.4, mvua nzuri ya kupalilia. Kama ni milimita 11.2, ni mvua ya kulowesha nguo tu. Namba moja, mvua tatu tofauti. Halafu kuna shida kubwa zaidi: alihama ukurasa gani? Hakuna mahali ameandika "hapa ni Kitale" au "hapa ni Bungoma". Na kwa nini angeandika? Yeye alijua alipo. Nani anaandika jina la nyumbani kwake kwenye daftari lake mwenyewe?

Kuka aliaga 2009. Maelezo ya lile daftari yalikuwa kichwani mwake, na sisi tukayazika pamoja naye.

Sisi Wabukusu tunaijua hii shida kwa njia nyingine. Marika yetu ya tohara yana majina manane yanayozunguka. Mtu akikwambia babu wa babu yake alikuwa Omuchuma, bado hujui ni Bachuma wa mzunguko gani, maana jina linarudi baada ya karibu miaka mia. Ndiyo maana mzee anayejua kazi yake hataji rika peke yake. Anakuongezea tukio: njaa fulani, vita fulani. Jina bila tukio linaning'inia hewani.

Kipepeo na karatasi yake

Ukiwa Kitale, pita kwenye makumbusho. Watu wengi wanaenda kuangalia nyoka na mamba, wakirudi wanasema wameona makumbusho. Hiyo nyumba ina asili yake kwa Kanali Hugh Stoneham, mzungu aliyekuwa na wazimu wa kukusanya wadudu na ndege, akaanzisha makumbusho yake huku 1926. Alifariki 1966, na jumba la sasa lilifunguliwa 1974. Simsifu, maana mashamba ya hawa watu tunajua yalipatikanaje. Lakini watu wa wadudu wana sheria moja ambayo Kuka angefaa kuijua: kila mdudu aliyechomwa pini anawekewa kikaratasi chini yake. Amepatikana wapi, lini, na nani. Kipepeo bila kikaratasi ni pambo la ukutani, na mwenye kikaratasi ni ushahidi.

Mvua nayo iliwekewa utaratibu. Mwaka 1929 serikali ya kikoloni ilianzisha idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki nzima, makao Nairobi, mkuu wake akiwa Albert Walter aliyetoka Mauritius. Wapima mvua walikuwa mamishenari, watu wa reli, maofisa wa wilaya na makarani wa mashamba kama Kuka. Fomu za ofisi zilikuwa na kichwa kilichochapishwa, cha kujaza kituo na mwezi kabla ya namba yoyote. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, kila nchi ikabaki na idara yake, na yetu hadi leo iko Dagoretti Corner.

Sasa angalia alichofanya Kuka. Fomu ilikuwa na kichwa. Daftari lake halikuwa nacho. Alinakili namba akaacha kichwa. Usimcheke, kwa sababu hata wanasayansi wenye kompyuta za mamilioni walikuwa wanafanya kitu kilekile.

Boksi la namba

Chukua karatasi ya hesabu yenye visanduku. Chora ramani ya Kenya. Ndani ya kila kisanduku andika mvua ya leo ya mahali hapo. Kesho chukua karatasi nyingine, fanya vilevile. Panga karatasi za mwaka mzima moja juu ya nyingine. Hutakuwa na ukurasa tena, utakuwa na boksi. Upande mmoja ni kusini kwenda kaskazini, mwingine magharibi kwenda mashariki, wa tatu ni siku. Ukiongeza urefu kwenda angani, kwa mfano joto la hewa kila kilomita moja juu, unapata pande nne. Ukiweka utabiri wa kompyuta kumi tofauti, pande tano. Haichoreki tena, lakini kompyuta haijali. Watu wa kompyuta wanaita kitu hiki arei.

Shida ni kwamba ndani ya faili hakuna boksi. Faili ni mstari mmoja mrefu wa namba, kama foleni ya Huduma Center. Boksi lazima livunjwe liwe foleni, halafu anayesoma alijenge upya. Nani anasimama mbele? Kaskazini au kusini? Tunamaliza siku moja kwanza, ama tunamaliza mahali pamoja kwanza? Miaka ya 70 na 80 kila maabara ilijiamulia. Maelezo yalikuwa kwenye karatasi ndani ya droo, ama kwenye kichwa cha mtu aliyeandika programu. Huyo mtu akipata kazi kwingine, foleni inabaki na hakuna anayejua nani ni nani.

Hata namba moja peke yake ilikuwa na ugomvi. Kompyuta huigawa namba kubwa katika baiti, na kampuni tofauti zilipanga baiti hizo kinyume, wengine kubwa mbele, wengine ndogo mbele. Mwaka 1980 Danny Cohen aliandika makala maarufu akiwaombea amani, akawapa majina kutoka kwenye hadithi ya Gulliver, ambamo watu wanapigana vita kwa sababu ya upande gani wa yai uvunjwe. Kwetu ni kama tarehe 03/04. Wewe unasoma Aprili 3, Mmarekani anasoma Machi 4. Hakuna aliyekosea kuandika. Lakini mmoja atafika harusini mwezi mzima mapema, na karatasi haitamwambia kitu.

Faili lenye adabu

Katikati ya miaka ya 80, kituo cha Goddard cha NASA kilitengeneza CDF, mpango wa kuhifadhi data pamoja na maelezo yake. Kule Boulder, Colorado, kulikuwa na Unidata, ofisi iliyosaidia vyuo kupata data ya hali ya hewa. Vyuo hivyo vilikuwa na kompyuta za kila aina, na data iliyosomeka hapa haikusomeka pale. Mwaka 1988 Glenn Davis wa Unidata akaandika programu ya majaribio iliyochukua wazo la NASA na kulijenga juu ya XDR, njia ya Sun Microsystems ya kupanga baiti kwa namna moja kwa mashine zote. Yeye, Russ Rew na wenzao wakaitoa 1989. Jina lake ni NetCDF, na bado inatumika hadi leo.

Miaka hiyohiyo, chuo cha Illinois kupitia kituo chake cha kompyuta kubwa, NCSA, kilikuwa kinatengeneza ndugu yake, HDF. NASA ikaichagua kwa setelaiti zake za kuangalia dunia. Mwaka 1998 ikaja HDF5, iliyosukumwa na maabara za nyuklia za Marekani zilizokuwa na mabunda ya namba yasiyoisha. Mwaka 2008 hao ndugu wawili wakaungana: NetCDF-4 kwa ndani ni faili la HDF5.

Majina siyo muhimu sana. Wazo ndilo muhimu: faili linalojieleza. Kabla ya namba yoyote, faili lina kichwa. Kwa lugha ya kawaida, kichwa cha faili la mvua kinasema hivi: Pande zangu ni latitudo, longitudo na muda. Ndani yangu kuna mvua. Mvua yangu ni milimita kwa siku. Muda wangu unahesabiwa kwa siku, tangu Januari 1, 1980. Mahali nisipojua kitu nimeweka -9999.

Soma tena hayo maneno "tangu Januari 1, 1980". Ni lile tukio ambalo mzee wa Kibukusu anaongeza baada ya kutaja rika.

Bado kulikuwa na kazi. Mmoja anaandika "mvua", wa pili "mv", wa tatu "kunyesha". Faili linajieleza, lakini kila moja kwa lafudhi yake. Mwaka 1995 wakatoa makubaliano yanayoitwa COARDS, na 2003 yakafuatiwa na CF, ambayo yana orodha ya majina rasmi na vipimo. Kazi ya kuchosha, watu kukaa vikaoni kubishana kuhusu maneno. Lakini bila hicho kikao, data ya Wajerumani na ya Wajapani zisingekaa kwenye ramani moja.

Visanduku tisa

Sasa turudi nyumbani. Baada ya njaa ya Ethiopia ya 1984 na 1985, Marekani ilianzisha mfumo wa kuonya mapema kuhusu njaa, FEWS. Katika kazi hiyo, chuo cha California kule Santa Barbara, pamoja na shirika la jiolojia la Marekani, USGS, walitengeneza CHIRPS. Chris Funk na wenzake waliichapisha 2015. Inachanganya setelaiti zinazopima ubaridi wa mawingu na vipima mvua vya ardhini, na inarudi nyuma hadi 1981. Inapatikana bure. Waingereza wa chuo cha Reading nao wana yao ya Afrika, TAMSAT, inayoanzia 1983.

CHIRPS imekata dunia, kutoka latitudo 50 kusini hadi 50 kaskazini, kuwa visanduku vya digrii 0.05. Kwetu karibu na ikweta hiyo ni kama kilomita 5.5 kila upande. Hesabu: mistari 2,000 mara safu 7,200 ni visanduku 14,400,000 kwa siku moja. Kwa mwaka ni namba zaidi ya bilioni tano.

Nilitafuta kwetu. Ukihesabu kuanzia sifuri kutoka kusini na magharibi, Kitale iko karibu na mstari wa 1020, safu ya 4300. Bungoma iko karibu na mstari wa 1011, safu ya 4291. Yaani kutoka Kitale unashuka visanduku tisa, unaenda kushoto visanduku tisa, uko Bungoma. Safari ya Kuka yote, maisha yake yote ya kazi na ya uzeeni, ni tisa chini na tisa kushoto. Nilikaa nikaangalia hiyo skrini kitambo.

Halafu nikaaibika. Nilitaka wastani wa mvua ya Kenya kwa mwezi mmoja, nikakata boksi kubwa kutoka Busia hadi baharini, kompyuta ikanipa mvua ya chini ya sifuri. Mvua hasi! Nilikuwa nimejumlisha zile -9999 za Bahari ya Hindi kana kwamba ni milimita. Kichwa cha faili kilikuwa kimeniambia wazi, mimi nikaruka kichwa nikakimbilia namba. Damu ya Kuka hiyo.

Na tusidanganyane kuhusu kisanduku. Kimoja kina karibu kilomita za mraba 30. Mashamba kama la Senge yanaingia humo zaidi ya 2,000. Wewe na mimi tunajua mvua ya Kitale: inanyesha ng'ambo ya barabara na kwako vumbi. Kisanduku ni wastani wa majirani wote, na hakijui jina la mtu.

Mbu wa ng'ambo

Nilipotaka mvua ya Kitale tangu 1981 nikakutana na ukuta. Faili la mwaka mmoja, hata likibanwa, ni kama GB moja. Miaka arobaini na kitu ni GB arobaini na kitu, dunia nzima, na mimi nataka kisanduku kimoja! Bando yangu ni ya saa moja.

Hapa ndipo mpangilio wa faili unageuka kuwa suala la mfuko. Kama karatasi zako zimepangwa kwa siku, kuona ramani ya siku moja ni rahisi, unatoa karatasi moja. Kuona historia ya Kitale ni mateso, unafunua kila karatasi usome kisanduku kimoja. Ukipanga kwa mahali, inakuwa kinyume. HDF5 ilileta njia ya katikati: kata boksi lote vipande vidogo, kama magunia ndani ya ghala, kisha weka orodha ya gunia gani liko wapi. Mwenye haja na mahindi ya kona moja anabeba magunia machache.

Lakini magunia yote bado yalikuwa ndani ya ghala moja lenye mlango mmoja. Wafanyakazi kumi wakija pamoja wanasongamana mlangoni. Suluhisho maarufu la hilo lilitoka kwa mbu, na baadhi ya mbu hao walitoka hapa jirani. Sitanii.

Kulikuwa na mradi wa kusoma jeni za Anopheles gambiae, mbu wa malaria. Matokeo yake ya kwanza yalichapishwa 2017: mbu 765 kutoka sehemu 15 za Afrika, na zaidi ya mahali milioni 50 ambapo jeni zao zinatofautiana. Wengine walikamatwa Kilifi. Wengine walikamatwa Nagongera, wilaya ya Tororo, Uganda. Ukivuka Malaba kutoka Bungoma, huko si mbali. Sasa hilo nalo ni boksi: upande mmoja milioni 50, wa pili mbu 765, wa tatu ni nakala mbili za jeni, ya mama na ya baba. Alistair Miles wa Oxford, aliyekuwa anachambua hiyo data, alichoka kusongamana mlangoni, akaandika Zarr. Ndani ya Zarr kila gunia ni faili lake dogo, na maelezo yako kwenye faili jingine dogo la maandishi ambalo hata wewe unaweza kulifungua na kulisoma kwa macho. Halina mlango mmoja. Weka magunia kwenye intaneti, na mtu achukue analohitaji tu.

Wanasayansi wa hali ya hewa wakaona hiyo, wakaichukua. Kwa hivyo mtu wa bando ndogo leo anaweza kupata mvua ya kwao bila kushusha dunia nzima, mradi data imewekwa hivyo, na sehemu ya shukrani ziende kwa mbu wa Tororo waliokuwa wanauma watu usiku.

Kifaa kilichozaliwa kwenye bima

Programu niliyotumia inaitwa xarray. Nilipoanza kuisoma historia yake nilicheka peke yangu. Iliandikwa na Stephan Hoyer na wenzake wawili walipokuwa The Climate Corporation, kampuni ya Marekani iliyojulikana kwa kuuzia wakulima bima ya hali ya hewa, ikanunuliwa na Monsanto 2013. Mwaka 2014 wakaitoa bure kwa kila mtu. Faida yake kubwa ni moja: huiambii "nipe mstari wa 1020, safu ya 4300". Unaiambia "nipe latitudo 1.02, longitudo 35.0, kuanzia Machi hadi Agosti". Unaita namba kwa majina yake.

Yaani watu wa bima wenyewe ndio waliona kwamba huwezi kufanya kazi hii na namba zisizo na majina. Halafu Senge anaandikiwa 0.43 kavu.

Kuna funzo lingine la karibuni. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tovuti ya FEWS ikazimika. Baadaye ilirudi, lakini kwa miezi kadhaa mfumo wa kuonya kuhusu njaa, uliokuwepo tangu 1985, haukuwa na mlango. Faili linaweza kujieleza vizuri sana na bado ufunguo uwe kwa mtu mwingine. Hilo silo la kutatuliwa na fomati. Ni la Nairobi, la Kampala, la Addis, na pia ni letu.

Barua ya pili

Tuliandika barua, mimi na Senge, kwa Kiswahili cha heshima. Tuliuliza vitu vinne ambavyo faili lolote la tangu 1989 lingejibu lenyewe: 0.43 ni kipimo gani? Ni ya kisanduku gani, latitudo na longitudo? Ni ya kuanzia tarehe gani hadi gani? Ni data gani, toleo gani?

Walikaa wiki tatu. Jibu likaja na latitudo na longitudo. Nikaziweka kwenye ramani. Hazikuwa za shamba la Senge. Zilikuwa za duka la mbegu mjini alikojiandikisha. Visanduku viwili kutoka kwake, na mjini siku zile kulinyesha. Hawajamlipa. Wamesema "wanapitia upya". Lakini sasa wanapitia, na wanajua kuna mtu upande huu anayejua kuuliza kisanduku. Bila hayo maswali manne Senge angebaki anamlaumu Mungu.

Na daftari? Mzee mmoja aliyefanya kazi na Kuka bado yuko hai. Nilimwonyesha ile 112 akacheka. "Ile glasi ilikuwa ya inchi. Nukta alikuwa anaruka, alisema inamalizia wino." Kwa hivyo ni inchi 1.12. Nikajumlisha miezi kuanzia 1981, nikaweka kando ya kisanduku cha Kitale na cha Bungoma, nikitafuta mahali daftari linaacha kufanana na kimoja na kuanza kufanana na kingine. Nilipata miaka miwili yenye kutatiza na siwezi kuapa. Kisanduku ni wastani, na Kuka alikuwa na glasi moja.

Nilikuwa nabishana na skrini Senge alipoingia na chai. Akaangalia, akasema, "Kuhama? Tulihama nikiwa darasa la tano, wiki mbili kabla ya Krismasi. 1983. Nililia njia yote."

Wiki nzima namtafuta kwenye namba, kumbe jibu liko jikoni.

Nikampa kalamu. Kwenye ukurasa wa kwanza, juu kabisa, ambapo Kuka aliacha nafasi, ameandika kwa mkono wake: Mvua. Inchi, nukta haikuandikwa, gawa kwa mia. Saa tatu asubuhi. Trans Nzoia hadi Desemba 1983, kisha Bungoma. Akaongeza jina la babake, na jina lake kama shahidi.

Kwenu pia kuna daftari. La maziwa, la chama, la chanjo za ng'ombe, la mzee aliyekuwa mwalimu. Leo jioni lifungue, na kama aliyeliandika bado yuko, muulize namba hizo ni za nini. Kisha andika juu ya ukurasa.